Seleniamu na Ndizi za Shangazi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuimalizia mwenyewe sentensi iliyochanika.

Ilikuwa kwenye karatasi ya kufungia maandazi. Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kumiminika, hata magazeti makuukuu ya Ulaya yalifika Tukuyu. Yaliuzwa kwa kilo, pamoja na mitumba. Mama yangu alikuwa na mgahawa wa mbao kwenye mtaa uitwao Bagamoyo, papo hapo Tukuyu, na aliyanunua kwa ajili ya kufungia vitafunwa. Kazi ya kuyachana ilikuwa yangu. Shule niliiacha kidato cha pili, ada ilipotushinda, kwa hiyo Kiingereza changu nilikiokota humo, nyuma ya jiko, kwenye kurasa zenye madoa ya mafuta, nikisaidiwa na kamusi isiyo na jalada. Sikuchana ukurasa hata mmoja kabla ya kuusoma. Mama alikuwa akipiga kelele kwamba wateja wanasubiri maandazi kwa sababu mwanawe anasoma vifungashio.

Siku moja nikaukuta ukurasa uliozungumzia madini yaitwayo seleniamu. Ulisema mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo mno. Ulisema hutoka udongoni na kuingia kwenye mazao, na kwamba samaki wanayo kwa wingi. Tezi ya shingoni, ile inayouamuru mwili utumie nguvu kwa kasi gani, haiwezi kazi yake bila hayo. Hata seli zinazohifadhi mafuta chini ya ngozi huyatumia kujilinda zisiharibike. Halafu, mstari wa mwisho kabisa: baadhi ya watu wanene wamekutwa na seleniamu kidogo katika damu, kwa hiyo...

Hapo karatasi iliishia.

Kwa hiyo nini? Mtu mtulivu angesema hajui. Mimi si mtulivu. Mimi ni mtu wa kukanda upya unga wa chapati nzima kwa sababu moja imetoka na pembe. Kitu kisichokamilika kinaninyima usingizi. Nikaikamilisha sentensi kichwani mwangu, nikairudia mpaka ikawa kana kwamba nimeisoma: kwa hiyo mnene akila seleniamu nyingi, atakonda.

Nilikuwa mnene. Nalisema hilo bila kuinamisha kichwa, ingawa wakati ule nilikuwa nimekiinamisha siku zote. Kwetu mtu mzima akinenepa, watu husema nyumba yake ina baraka. Kijana akinenepa, husema mama yake anamficha asiende shamba. Mteja wetu mmoja, muuza mitumba aliyekunywa chai kwetu kila asubuhi, alikuwa akigonga meza nikipita.

"Bonge, pita taratibu, nyumba ya mbao hii!"

Wote wanacheka. Mama naye anacheka, maana mteja ni mteja. Mimi nacheka kuliko wote, kisha naingia jikoni na kujipima kiuno kwa kamba ya mgomba.

Vidonge nilivinunua kwa kijana mmoja aliyekuja kutoka Dar es Salaam na sanduku la vikopo vya rangi rangi. Alilifungulia kando ya soko, chini ya nailoni, mvua ikinyesha kama kawaida yetu.

"Seleniamu unayo?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata. "Kaka, wewe umesoma."

"Unayo au huna?"

Akageuza vikopo kimoja kimoja mpaka nikakiona mwenyewe. "Hii hapa. Hii ni kiboko."

"Inapunguza mwili?"

"Inapunguza, inaongeza, inategemea wewe unataka nini."

Jibu kama lile lingetosha kumrudisha nyumbani mtu yeyote mwenye akili. Mimi nililiona ni jibu la kitaalamu.

Kopo liliandikwa kidonge kimoja kwa siku. Nikafikiri. Nikajiambia kopo hili limeandikwa kwa ajili ya watu wa huko lilikotoka. Sisi mvua inatunyeshea karibu mwaka mzima, bila shaka imekwisha kuyaosha madini yote udongoni na kuyapeleka ziwani. Sikuwa nimepima udongo wowote, wala hakuna aliyeniambia. Nilitazama tu maji mekundu yakishuka mtaroni, nikatoa hukumu. Nikaanza na viwili, nikaenda vinne, mwishowe nikawa nakunja kiganja na kumeza kilichomo, asubuhi na jioni. Pamoja na hayo nikaacha mafuta, nikaacha ugali, nikawa nakula ndizi ya kuchemsha na chumvi.

Nikakonda! Mwanzo nilikonda vizuri, suruali zikapwaya, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda. Kisha mambo mengine yakaanza. Tumbo likawa linakoroga kila nikila. Kucha zikapata mistari myeupe na kukatika zenyewe. Mama akanishika jikoni siku moja.

"Mbona unanimalizia kitunguu saumu?"

"Sijakigusa, mama."

"Unanuka kitunguu saumu mpaka jasho, gwe. Nani anakula kitunguu saumu kikavu asubuhi?"

Mimi mwenyewe sikuisikia harufu hiyo. Nikaanza kupiga mswaki mara kwa mara mpaka fizi zikatoka damu. Halafu nywele. Zilibaki kwenye kitana, zikabaki kwenye mto, na siku moja mteja akaokota moja kwenye supu yake na kuiweka mezani mbele yangu.

Lakini dalili iliyonitisha kuliko zote ni kwamba yule muuza mitumba aliacha kuniita bonge. Alianza kuniita "ndugu yangu."

Inabidi nieleze kwa ajili ya msomaji ambaye hakuwepo. Miaka hiyo tulikuwa tunazika sana. Vijana walirudi kutoka mjini, kutoka barabarani, wengine hawakuwa wametoka kabisa, wakakonda, nywele zikawa laini na chache, tukazika. Ugonjwa haukutajwa kwa jina lake. Watu walisema "amekanyaga waya," au waliinua tu kidole kimoja na kukishusha. Kwa hiyo kijana mnene aliyekonda ghafla na kunyonyoka nywele hakuwa na haja ya kujieleza. Kila mtu alikuwa amekwisha kuelewa.

Shangazi yangu alifika kutoka Kinyala siku ya soko. Alikuja na mkungu wa ndizi, jogoo, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Hatukuwa na sherehe wala msiba.

"Ugonile, gwe mwana," akanisalimu kwa Kinyakyusa, na akanishika mkono kwa mikono yake miwili, asiuachie.

"Shangazi, hizi ndizi za nini?"

"Za kula."

"Sisi tunauza ndizi, shangazi."

"Hizi si za kuuza." Akaupapasa mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, kama mtu anayechagua kuku. "Kula, mwanangu. Kula tu chochote roho yako inachotaka. Na kama kuna mtu umekosana naye, tengeneza naye."

Ndipo nikaelewa. Huku kwetu mtu anapokwenda kumwona mgonjwa haendi mikono mitupu. Nami ndiye nilikuwa mgonjwa. Shangazi alikuwa amepanda kilima chote kutoka Kinyala na mkungu kichwani kuja kuniaga. Baada yake wakaja wengine. Majirani wakaleta maziwa, maparachichi, mayai. Wanakwaya wakaja kuimba. Watu ambao miaka yote walinicheka kwa sababu ninakula sana, sasa walikaa mbele yangu wakinihesabia matonge. Nilipata hasira ambayo hata sasa haijaisha. Mwili wangu ulikuwa mzaha ulipokuwa mkubwa, ukawa msiba ulipokuwa mdogo, na nyakati zote mbili hakuna aliyeniuliza mwenye mwili.

Wakati uleule mgahawa ukaanza kubaki mtupu. Watu walileta chakula kwangu lakini hawakutaka kula chakula kutoka kwangu. Waliochukua chai walikuja na vikombe vyao. Mama alipika sufuria ileile kubwa kwa mazoea, jioni akawapa majirani, kwa ajili ya nguruwe wao, mbalaga, zile ndizi zetu za kupika na maharage, ambazo zamani zilikuwa zinaisha kabla ya saa nane.

Na hapa lazima nimtaje dada aliyekuwa akituoshea vyombo. Alikuwa mjane. Mumewe alikuwa utingo wa magari ya mizigo, akarudi amekonda, akafa, na ndugu wa mume wakamtoa nyumbani kabla matanga hayajaisha. Mama alimchukua. Tangu siku hiyo baadhi ya wateja walikuwa wakipangusa sahani kwa karatasi kabla ya kula, mbele ya macho yake, na yeye alikuwa akiwaletea karatasi bila kuombwa. Alikuwa na afya yake, ana nguvu za kubeba ndoo mbili kutoka bombani. Lakini watu walikuwa wanamsubiri akonde. Nilipokonda mimi, wakatuunganisha sisi wawili.

Nilikwenda hospitali kwa mguu, nikiwa nimevaa kofia. Daktari alikuwa mama wa makamo aliyehamishiwa kwetu kutoka pwani, anayelalamikia baridi kila baada ya sentensi mbili.

"Fungua kinywa. Mbona unanuka kitunguu saumu?"

"Sijala kitunguu saumu, dokta."

"Ndiyo maana nauliza." Akazigeuza kucha zangu kwenye mwanga wa dirisha. "Unatumia dawa gani?"

Nikatoa kopo mfukoni. Akalisoma, akavua miwani.

"Hapa pameandikwa kimoja. Wewe unameza vingapi?"

"Kiganja, dokta."

"Kiganja cha nani? Chako hiki?" Akaushika mkono wangu akaupanua. "Nani alikuandikia?"

Nikamwambia juu ya karatasi ya maandazi. Nilimwambia yote, mpaka mahali ilipochanika. Hakucheka. Kwa hilo nitamshukuru maisha yangu yote.

"Sikiliza, kijana. Hii si sabuni kwamba ukizidisha unatakata zaidi. Mwili unataka chembe. Chembe ikikosekana ni shida, ikizidi ni sumu, na kati ya hizo mbili nafasi ni ndogo. Hukukonda kwa sababu mafuta yako yanafanya kazi vizuri. Umekonda kwa sababu unaumwa na una njaa." Akaliweka kopo kwenye droo yake akaifunga. "Nywele zitarudi, ukiacha. Ukitaka seleniamu ya kukutosha, kula usipa, wale samaki wadogo wanaoletwa kutoka ziwani hapo chini kila siku ya soko. Na kile kipimo kingine tukifanye leo, maana najua ndicho kilichokuleta kweli."

Tukakifanya. Niliporudi kuchukua jibu nililisikia, nikamshukuru, nikaondoka.

Jibu lenyewe sikumwambia mtu. Sikuwa nimepanga iwe hivyo. Nilikuwa njiani nikitunga maneno ya kumwambia mama, nikiyapanga na kuyapangua kama kawaida yangu, nikitafuta sentensi isiyo na kasoro. Nilipofika nikamkuta muuza mitumba amekaa kwenye meza ya mbele, hana kikombe, na mama amesimama mbele yake kama mwanafunzi.

"Ndugu yangu, afadhali umekuja," akasema. "Tunazungumza kwa wema tu. Mimi nawasemea wenzangu, tunataka kurudi. Chai ya mama hii hatujaipata popote."

"Karibuni," nikasema.

"Ndiyo, lakini watu wana wasiwasi. Sasa wewe nenda kapime, ulete majibu, sisi wenyewe tutakusafisha mtaani. Mimi nitakuwa wa kwanza kusema jamani, bonge wetu ni mzima."

"Na nisipokuwa mzima?"

Akajikuna shavu. "Tusifike huko. Na jambo la pili." Akashusha sauti, ingawa si sana. "Yule dada. Mtafutieni kazi nyingine. Kuosha vyombo vya watu, kwa kweli hapana. Mkifanya hayo mawili, kesho benchi hizi zinajaa."

Nyuma ya pazia la jikoni sauti ya sahani ilikuwa imenyamaza.

Mama akanishika shati akanivuta pembeni. "Mwanangu, nenda tu upime. Wakuone. Mimi nitasema nini, sina shamba, nina jiko hili."

"Na dada?"

Alitazama chini, na nikajua kwamba alikuwa amekwisha kumtoa moyoni na kumrudisha mara nyingi asubuhi ile.

Nami nilikuwa nimekwisha kupima. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Ningeweza kulisema mbele ya yule mtu, lolote lile, na mambo yakaamuliwa palepale. Lakini nilimwona dada akitoka nyuma ya pazia na kanga yake ya kubebea nguo imekwisha kufungwa fundo, na nikaelewa kinachonunuliwa kwa jibu langu. Nikisema ni mzima, maana yake wamepata haki ya kuuliza, na swali linalofuata ni lake. Nikisema si mzima, tunatoka wawili. Vyovyote vile sahani zetu zingekuwa mahakama.

"Mdogo wangu," dada akaniambia, "mimi naondoka. Msife njaa kwa ajili yangu."

"Huendi popote."

"Usiwe mkaidi. Mama ana biashara."

"Weka kanga chini, dada, tule. Sijala tangu jana."

Na mimi ni mtu ninayeogopa hata kuuliza bei mara mbili. Nikaingia jikoni, nikatwaa sinia kubwa, ile ya sherehe, nikapakua mbalaga, nikamwagia usipa wa kukaanga juu, na sikufuta ukingo wa sinia ingawa mchuzi ulikuwa umemwagika. Nikaiweka kwenye meza ya mbele kabisa, barabarani wanapopita watu, mbele ya pua ya muuza mitumba. Nikavua kofia. Kichwa changu kilikuwa na mabaka kama cha kuku anayenyonyolewa. Wapita njia wakasimama.

"Nawa, dada," nikasema.

Akasita. Kisha akanawa, akakaa upande wa pili, na tukala. Tulikula kwa mikono, sinia moja, vidole vikikutana kwenye mchuzi. Tangu afiwe hakuna mtu aliyekula naye sahani moja. Aliniambia hilo baadaye, lakini nilikwisha kulijua kwa namna alivyokuwa akichukua matonge madogo kutoka ukingoni tu, upande wake, mpaka nilipomsukumia usipa katikati.

"Sasa jibu langu ni lipi?" muuza mitumba akauliza.

"Jibu lako ni chai au hutaki chai."

"Nakuuliza kuhusu kupima."

"Nami nakuuliza kuhusu chai."

Mtu mmoja barabarani akacheka. Muuza mitumba akasimama, akapangusa suruali yake ambayo haikuwa na kitu. "Mtafunga mgahawa huu," akasema. "Mimi simo."

Mama alikuwa bado amesimama. Nilimwogopa yeye kuliko umati wote. Alikuwa na haki ya kunifukuza. Jiko lilikuwa lake, njaa ingekuwa yetu sote. Alitazama sinia, akatazama barabara. Halafu akavuta kigoda chake cha jikoni, akakiweka kati yetu, akakunja mkono wa blauzi.

"Usipa umeungua," akasema, akachukua tonge.

Nisidanganye kwamba benchi zilijaa kesho yake. Hazikujaa. Tulipita kipindi kigumu, tukauza meza mbili, tukala sana ndizi za shangazi, ambazo kwa bahati hakuacha kuzileta. Walioanza kurudi ni wageni: mwalimu aliyehamishiwa kutoka Singida asiyejua habari zetu, wachuuzi wa viazi wanaoshuka kutoka Isongole na baridi mwilini. Yule muuza mitumba mwishowe alirudi pia, lakini kwa maandazi ya kufungiwa tu. Nilimfungia vizuri, kwenye karatasi safi.

Daktari aliniazima kitabu cha lishe, nikakisoma jalada hadi jalada. Ile sentensi yangu haimo. Kilichomo ni kwamba seleniamu ikipungua huenda ikaendana na unene, na ikizidi nayo huenda ikavuruga namna mwili unavyotumia sukari, na kwamba wenye elimu hiyo bado hawajui vizuri kipi kinaanza: upungufu ndio unaoleta mafuta, au mafuta ndiyo yanayoleta upungufu. Mimi niliyejua kila kitu kwa nusu ukurasa nililazimika kukaa na watu wanaosema hawajui. Ni shule ngumu kwa mtu wa aina yangu.

Hapa nimekiri kila kitu: kamba ya mgomba, kiganja, kofia, hofu. Jibu la kile kipimo sikuambii hata wewe. Si aibu inayonizuia. Nilikataa kuliuza kwa bei ya dada, na sioni sababu ya kulitoa bure.

Tangu wakati ule nywele zimerudi, na sehemu kubwa ya unene imerudi. Vidonge sinunui. Usipa tunapika kila siku ya soko. Dada haoshi vyombo tena. Yeye ndiye anayepika, na sahani tunaosha kwa zamu, mimi na mama.